Ushindi wa Kupewa: Ukweli na Huruma katika Mchezo wa Mzazi na Mtoto

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya anayenuna baada ya kushindwa. Ni nadra kuulizwa swali la upande wa pili: je, anayekubali kushindwa kabla ya kushindana, naye ni mshindani? Swali hili huzuka mzazi anapoketi na mwanawe mbele ya ubao wa mchezo, akaiona hatua ambayo ingempa ushindi, kisha akaiacha makusudi ili mtoto ashinde. Tendo hilo huitwa huruma. Makala haya yanakusudia kulihakiki kwa kuzingatia michezo ya ubao yenye mikakati mizito iliyojengwa juu ya masimulizi ya kubuni. Yanashikilia kwamba huruma ya aina hiyo, ikifanywa kwa siri, humnyima mtoto uhakika kwamba uamuzi wake ulikuwa na uzito.

Mchezo kama Matini

Mfano unaofaa ni War of the Ring, mchezo uliobuniwa na Waitaliano watatu, Roberto Di Meglio, Marco Maggi na Francesco Nepitello, na kutolewa mwaka wa 2004. Msingi wake ni riwaya ya J.R.R. Tolkien, The Lord of the Rings, iliyochapishwa katika miaka ya 1954 na 1955. Mchezaji mmoja huongoza Mataifa Huru, na mwenzake huongoza Kivuli, yaani majeshi ya Sauron na washirika wake. Nguvu za pande hizi hazilingani. Mataifa Huru huanza na dadu nne za kuamulia vitendo, ilhali Kivuli huanza na saba. Askari wa Mataifa Huru akiuawa harejei tena. Wa Kivuli hurudi kwenye akiba na huweza kuitwa upya. Kwa hivyo, tumaini kubwa la mnyonge si vita bali ni safari ya siri ya kuipeleka Pete hadi Mordor ikateketezwe, kabla uovu wake haujamlemea mbebaji kwa kufikia alama 12, na kabla Kivuli hakijapata alama 10 kwa kuteka miji na ngome.

Hata Kivuli, pamoja na nguvu zake zote, hulazimika kuchagua. Kabla ya kutupa dadu, kiongozi wake huamua ni ngapi zitengwe kwa msako wa Pete, na kila dadu iliyotengwa huko huwa imepungua katika vita. Hapo ndipo mzazi anayeongoza Kivuli hupata mwanya. Hahitaji kuvunja kanuni yoyote. Anahitaji tu kutenga dadu chache kuliko anavyojua inapasa. Pete ikifika Mordor, mtoto huamini kwamba ukaidi wake katika kuilinda Gondor ndio uliomshughulisha adui asiuone msafara. Kumbe adui alikuwa ameamua kufumba macho. Mtoto amefanya hitimisho la busara kutokana na ushahidi wa uongo, na mara nyingine atalitegemea.

Fanani na Mshindani

Yamkini msomaji wa fasihi simulizi atapinga. Nyanya anapomtolea mjukuu ngano, huibadilisha apendavyo: zimwi hupunguzwa makali, yatima huokolewa mapema, na hakuna anayemwita mwongo. Iweje fanani aruhusiwe kumwonea mtoto huruma kwa kuugeuza mwisho, na mchezaji asiruhusiwe?

Jibu limo katika nafasi anayopewa mtoto. Katika ngano, mtoto ni hadhira. Huenda akaitikia, akaimba kibwagizo na kuuliza maswali, lakini anajua kwamba njia ya yatima haikutoka kichwani mwake. Mabadiliko ya fanani hayamdanganyi kuhusu jambo lolote alilolifanya yeye. Katika mchezo wa mkakati, kinyume chake, mtoto ni mtendaji. Masimulizi yanayojitokeza ubaoni yametokana na maamuzi yake yaliyokabiliana na maamuzi ya mwingine. Mzazi anayeugeuza mwisho kisirisiri humrudisha mtoto kwenye nafasi ya hadhira huku akimwacha aamini kuwa bado ni mtendaji. Upotofu uko hapo, wala si katika ubunifu wenyewe.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka wa 1978, alitofautisha watu wa namna nne. Mchezaji halisi hutambua kanuni za mchezo na lengo lake. Laghai hutambua lengo lakini hupuuza kanuni. Mvuruga mchezo hupuuza vyote viwili. Wa nne ni yule anayefuata kanuni bila kulijali lengo. Huyu aweza kuitwa mchezaji wa mzaha. Mzazi mwenye huruma ya siri yumo katika kundi hili la nne. Huyu ni mgumu kutambuliwa kuliko laghai, maana mkono wake haujatenda kosa lolote linaloonekana. Kwa nje mchezo umekamilika, ila mshindani hayupo.

Huruma Iliyo Wazi

Isidhaniwe kwamba hoja hii inamtaka mzazi amponde mtoto bila kujali. Mtu mzima ana kumbukumbu, uzoefu na subira ambavyo mtoto hajavipata, na kushindana naye kana kwamba analingana naye ni ukatili uliovaa joho la haki. Suala ni mahali pa kuiweka huruma.

Utamaduni wa pwani ya Afrika Mashariki ulikwisha kulijibu suala hili. Bao la kiswahili huchezwa kwa kete 64 katika mashimo 32, na huanza na namua, awamu ambayo kila mchezaji huziingiza ubaoni kete 22 za akiba moja baada ya nyingine. Hakuna dadu ya kumwokoa asiyejua. Hata hivyo, kando yake lipo bao la kujifunza, ambamo kete zote hupangwa mbilimbili tangu mwanzo na namua haipo. Mwanagenzi hupunguziwa mzigo, lakini upunguzaji huo ni kanuni inayojulikana na wote wawili. Baada ya hapo, kila mmoja aweza kucheza kwa nguvu zake zote. Vivyo hivyo, mzazi anayeongoza Kivuli aweza kumruhusu mtoto arudishe hatua aliyoijutia, au kumweleza kwa sauti hatari inayomjia. Huruma imeingizwa katika mapatano ya mchezo, nao ushindi utakaopatikana chini ya mapatano hayo utakuwa wa mtoto kweli.

Wapo watakaoona kuwa ni heri ushindani uepukwe kabisa. Mwaka wa 2000 Reiner Knizia alitoa mchezo uitwao Lord of the Rings, ambamo wachezaji wote husaidiana dhidi ya Sauron. Suluhisho hili linavutia, lakini halitoshi. Katika ushirikiano, mzazi aliyezoea huweza kumwelekeza mtoto kila hatua, hata mtoto akabaki mkono tu wa kusogezea vipande. Uamuzi wa mtoto unaweza kuporwa kwa msaada kama unavyoporwa kwa kuachiwa ushindi.

Sissela Bok, katika Lying, kitabu kilichotoka mwaka wa 1978, alipendekeza kwamba uongo upimwe kwa kuangalia iwapo sababu zake zingestahimili kuwekwa hadharani. Katika mchezo, kipimo hicho huletwa na mtoto mwenyewe anapouliza, “Umeniachia?” Aliyempunguzia kwa mapatano aweza kujibu kweli, na ushindi ukabaki. Aliyemwachia kwa siri ana njia mbili tu: akiri na kuufuta ushindi, au aongeze uongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Hitimisho

Mzazi anayemcheza Sauron kwa dhati hamfundishi mwanawe uovu. Mtoto huuona mkono uleule unaompakulia chakula ukiyasogeza majeshi ya Mordor, naye hujifunza kwamba mhusika si mtu anayemwigiza. Tofauti hiyo ndiyo humwezesha msomaji kuutenganisha usemi wa msimulizi na nia ya mwandishi. Lakini hujifunza hivyo iwapo tu uovu wa ubaoni ulikuwa na makali. Sauron aliyekubali kushindwa kabla ya kushindana hamwachii mtoto chochote cha kushinda, hata Pete ikiteketea.