Haki ya Uteuzi: Siku Moja au Mwaka Mzima?

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Uko mchezo mmoja unaolithibitisha neno hilo, nao ni mchezo wa kuteleza kwa madaha juu ya barafu, ambamo kuteleza ndio ufundi wenyewe na kuanguka ndiyo hasara. Sisi walimu wa Kiswahili twaishi mbali na barafu hiyo. Hata hivyo, uteuzi wa timu ya Marekani umezusha swali ambalo kila mwenye kuwapima wanafunzi hana budi kulijibu: je, mtu apimwe kwa siku moja ya mtihani, au kwa kazi yake ya mwaka mzima?

Mnamo Januari 2014 mashindano ya taifa yalifanyika Boston. Marekani ilikuwa na nafasi tatu za wanawake katika Michezo ya Olimpiki ya Sochi. Gracie Gold alikuwa wa kwanza, Polina Edmunds wa pili, Mirai Nagasu wa tatu. Ashley Wagner, aliyekuwa bingwa wa taifa miaka miwili mfululizo, alianguka mara mbili, akawa wa nne. Kamati ikamteua Wagner, ikamwacha Nagasu.

Wengi walinung'unika. Ikiwa wa nne aweza kumpita wa tatu, mashindano ni ya nini? Hoja hiyo ina uzito. Aliyeitwa uwanjani, akashindana mbele ya waamuzi na kumshinda mwenziwe, ana haki ya kuamini kwamba jasho lake limehesabiwa.

Lakini upande wa pili nao si mtupu. Kanuni ziliiruhusu kamati kutazama mashindano mengine ya mwaka uliotangulia. Mwaka 2013 Wagner alikuwa wa tano duniani, na Gold wa sita. Matokeo hayo ndiyo yaliyoipatia Marekani nafasi zile tatu. Je, aliyesaidia kuufungua mlango afungiwe nje kwa makosa ya dakika chache?

Mizani hiyo ilirudi mwaka 2018. Nagasu alikuwa wa pili, akateuliwa. Wagner akawa wa nne tena, na safari hii akaachwa. Huko Pyeongchang, Nagasu akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kufaulu kuruka akseli ya mizunguko mitatu na nusu katika Olimpiki. Mtu aweza kudai kwamba ushindi huo wafichua kosa la 2014. Sisi hatukubali, kwani uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa.

Twaona kwamba vipimo vyote viwili vyaweza kuwa vya haki. Dhuluma huanza pale mpimwaji asipojua kila kipimo kina uzito gani. Kamati iliyopewa hiari haina budi kutangaza uzito huo mapema, na baada ya kuteua, imweleze aliyeachwa sababu.

Nasi walimu tusijitoe katika hukumu hii. Mara ngapi tumemwongezea alama mwanafunzi hodari aliyeteleza siku ya mtihani, kwa kuwa twamjua? Na yule tusiyemjua, aliyejitahidi siku ile akampita? Huruma tuliyomwonea mmoja, huenda mwingine ameilipia kimyakimya. Kabla ya kushika kalamu nyekundu, tuwaambie wote kipimo chetu. Ndipo atakayekosa atakapohuzunika bila ya kudhulumiwa.