HAPATIKANI! JE, WEWE UKO WAPI?



Si unaijua ile sauti? Unapiga simu, unasubiri kidogo, halafu dada mmoja anakuambia kwa upole kwamba mtu unayempigia hapatikani. Unasonya, unapiga tena. Lakini umewahi kujiuliza huyo dada amejuaje? Nani amekwenda kumtafuta huyo mtu na kurudi na jibu katika sekunde chache? Na siku nyingine mtu huyohuyo yuko Tunduma mpakani, wewe hujui kama amesafiri, nawe ukipiga inaita papo hapo!

Wengi wamekwisha kuhubiri habari za kumpigia Mungu simu, kwamba maombi ni simu isiyo na vocha. Ni kweli, Amina. Lakini katika karatasi hii nataka tuangalie upande wa pili: MUNGU ANAPOKUPIGIA WEWE.

Ndugu mmoja aliyeokoka, fundi wa minara ya simu, alinieleza kazi hiyo inavyokwenda. Sasa sikia. Nchi imegawanywa vipande vipande, na kila kipande kina mnara wake. Mjini vipande ni vidogo kwa sababu watu wamejaa, huko porini kipande kimoja kinaweza kuwa cha kilomita nyingi. Minara kadhaa ikiwekwa pamoja inakuwa eneo moja. Simu yako, hata ikiwa imelala mfukoni, hupigi wala hupigiwi, inasikiliza minara muda wote. Ukipanda basi Dar es Salaam kwenda Morogoro, ukipita Kibaha, Mlandizi, Chalinze, kila unapoingia eneo jipya simu yenyewe inatuma taarifa kimya kimya: sasa niko huku. Wewe umelala kwenye kiti, mdomo wazi, simu yako inaripoti!

Taarifa hiyo inakwenda kwenye mitambo ya kampuni. Huko kuna daftari kuu. Kila laini imeandikwa humo, na mtambo gani unaihudumia kwa sasa. Mtu akikupigia, daftari linaulizwa kwanza. Halafu minara yote ya eneo ulilopo inaita kwa pamoja. Simu zote za eneo lile zinausikia wito, kila moja inaangalia, je, ni mimi? Kama siyo, inanyamaza. Ya kwako peke yake inajibu: nipo. Hapo ndipo mlio unasikika mfukoni mwako. Kumbe kabla hujasikia kitu, umekwisha kutafutwa na kupatikana!

Mitandao ya namna hii ya GSM ilianza kazi nchini Ufini mwaka 1991. Siku hizi kuna mipya yenye kasi kubwa zaidi, lakini bado mtu anatafutwa kwa mtindo huohuo. Wako watu wanaosema minara hii ni ya shetani. Mimi sikubaliani nao. Mnara ni chuma na umeme. Shetani yuko kwenye yale unayoyasema ukiwa umeishika simu.

Kwa mfano uongo. Uko Kariakoo, mke anapiga, unasema eti "niko Chalinze, naingia sasa hivi." Mke amekubali. Lakini mnara uliokupokea unajua ni wa Kariakoo! Basi kama chuma kilichotengenezwa na mwanadamu kinajua ulipo, wewe utamdanganyaje yeye aliyeliumba sikio? Adamu alipojificha kati ya miti, Mungu alimwuliza yuko wapi (Mwanzo 3). Hakuuliza kwa kuwa amempoteza. Alitaka Adamu aseme kwa kinywa chake mwenyewe.

Fundi aliniambia na jambo jingine, nalo lilinichoma sana. Simu ukiizima kwa kitufe, inaaga. Inauambia mtandao, naondoka, nao unaandika kwamba haipo. Lakini ukiichomoa betri ghafla, haiagi. Daftari bado linaonyesha ipo! Mtandao unaita, unaita, hakuna jibu. Na kwa sababu hiyo kila simu imewekewa muda wa kuripoti hata kama haijahama. Muda ukipita simu iko kimya, mtandao unaihesabu kuwa haipo.

Ndugu yangu, dada yangu, NI WANGAPI WAKO HIVYO KANISANI? Jina liko kwenye daftari la ushirika. Zaka mwaka jana alitoa. Kwenye kwaya wanamtaja. Lakini ndani betri ilichomolewa zamani! Hakuaga mtu. Mchungaji anadhani yupo, wazee wanadhani yupo, na yeye hajapiga goti tangu mwezi wa ngapi sijui. Simu ya shilingi elfu thelathini inaripoti mara kwa mara, wewe uliyenunuliwa kwa damu unaripoti Pasaka na Krismasi!

Wengine wanabadilisha laini. Amevurunda huku, anahamia kule. Dhehebu hili wamemjua, anakwenda lile. Bonyeza *#06# kwenye simu yako uone. Itatokea namba ya tarakimu 15. Hiyo ni namba ya simu yenyewe. Weka laini mpya kila siku, namba hiyo haibadiliki, na mtandao unaiona. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Tanzania ilizima simu feki zote ambazo namba zake hazikutambulika. Wengine tunakumbuka kilio cha asubuhi ile! Simu ilikuwa inang'aa, kioo kikubwa, jina la kampuni kubwa mgongoni, lakini namba ya ndani haikujulikana. Bwana Yesu alisema iko siku watakuja watu waliotoa unabii na pepo kwa Jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe (Mathayo 7). Hawa ni wahubiri ninaowasema, siyo walevi!

Sasa nikueleze habari ya baba mmoja aliyekuja mbele kwenye mkutano wetu kanda ya ziwa. Alimwacha mke na watoto watatu akaenda kuchimba dhahabu. Kule akapata mwanamke mwingine. Mke akawa anapiga simu kuomba hela ya chakula, basi akaitupa laini, akanunua nyingine. Mke akaipata namba mpya kwa ndugu, akaitupa hiyo pia. Mtoto wake wa mwisho akaugua. Siku nne mke alipiga ile namba aliyokuwa nayo, asubuhi, mchana, usiku. Hapatikani. Siku ya tano wakazika. Yeye alikuja kusikia sokoni, kwa mtu wa kijijini kwao aliyempa pole akidhani anajua.

Alipokuwa amepiga magoti pale kwenye vumbi alirudia neno moja tu: "Walinitafuta siku nne."

Msomaji wangu, pale mtandao ulishindwa. Haukukosa minara wala mafundi. Mtandao hutafuta SIMU, hautafuti MTU. Laini ikitupwa jalalani, mtandao hauna la kufanya, dada anasema hapatikani na kazi imekwisha. Lakini Mungu alimtafuta yule baba bila laini. Alimfuata kwenye shimo la dhahabu, alimfuata kwenye nyumba ya yule mwanamke, alimfuata sokoni. Daudi anasema katika Zaburi 139 kwamba hata akipanda juu mbinguni au akitandika kitanda kuzimu, Mungu yuko huko. Yona alilipa nauli ya meli apate kumkimbia, akapatikana chini ya bahari, mahali pasipo mnara hata mmoja!

Nawe leo unaitwa. Labda karatasi hii umepewa hapa uwanjani, labda umeiokota imefungiwa karanga. Spika za mkutano zinasikika mtaa mzima, kama ile minara inavyoita kwa pamoja. Wengi wanasikia. Lakini wewe unajua kuna neno limekugusa, na jirani yako hajagutuka. HIYO NI NAMBA YAKO INAYOITWA! Samweli aliitwa kwa jina lake usiku, akakimbilia kwa Eli, akadhani ni mzee anayemwita. Mara ya nne ndipo akajibu mwenyewe aliyemwita. Wewe hii ni mara ya ngapi?

Yesu alikufa msalabani kwa ajili yako, akafufuka siku ya tatu. Kama unataka kumpokea, au ulizima ukataka kurudi, sema maneno haya kwa sauti, kwa kumaanisha:

"Bwana Yesu, mimi nipo hapa. Sitaki kujificha tena. Nimefanya dhambi mbele zako na mbele ya watu wangu, nawe unazijua zote. Nisamehe. Nioshe kwa damu yako. Futa jina langu katika hukumu, uliandike katika kitabu cha uzima. Kuanzia leo ukiniita nitaitika. Amina."

Umeomba? Haleluya! Kama uko uwanjani usiondoke, njoo mbele ya jukwaa, wahudumu wapo wa kuomba pamoja nawe, hata kama ni usiku. Kama uko nyumbani, Jumapili nenda kanisa la wokovu lililo karibu nawe umweleze mchungaji. Na kama kuna mke, mzazi au mtoto anayekutafuta na wewe umemfungia simu, mpigie leo kabla hujalala.