Jua la Januari ni dalali

Wanangu wa Mathare, Huruma, Kayole, Dandora na Mukuru, nawasikia mkisema Nairobi haina majira. Mnasema theluji tunaionea kwenye runinga, na jua huchomoza na kutua saa zile zile mwaka mzima. La jua ni kweli, maana tuko kando ya ikweta. Lakini misimu tunayo minne, kila mmoja una bei yake, na asiyeijua bei hiyo huilipa maradufu.

Hebu tuihesabu. Januari na Februari ni kiangazi: vumbi, mifereji mikavu na mifuko mitupu ya Njaanuari. Machi hadi Mei ni masika, mvua ndefu. Juni hadi Agosti ni baridi, wingu zito likikaa juu ya jiji hata adhuhuri bila kudondosha tone. Oktoba hadi Desemba ni vuli, mvua fupi. Mvua hulifuata jua. Linapovuka ikweta mwezi Machi, na tena Septemba, ukanda wa mawingu huja nyuma yake, ndiyo sababu tunanyeshewa mara mbili kwa mwaka.

Ninaouogopa zaidi kwa ajili yenu ni kiangazi, ingawa ndio msimu mnaoupenda. Jua la Januari ni dalali: hukuonyesha nyumba na kukuficha kasoro yake. Chumba cha kando ya mto kinapendeza mwezi huo. Uwanja ni mkavu, mto umenywea ukawa kijito, na kodi ni nafuu kuliko ya ploti za juu. Unatoa dipoziti, unahamisha godoro na jiko, unashukuru Mungu. Aprili ndipo unapojua kwa nini aliyekutangulia aliondoka.

Usiku wa kuamkia Aprili 24, 2024, mito ilifurika, maji yakaingia majumbani Mathare na Mukuru watu wakiwa wamelala. Masika yale yaliua zaidi ya watu 200 nchini kote. Kisha serikali ikaamuru watu wahame umbali wa mita 30 kutoka mtoni, na tingatinga zikaja. Waliopoteza vyombo kwa maji wakapoteza na kuta kwa chuma. Aliyekodi hakuulizwa kama alijua mpaka wa mto uko wapi.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi, tazama ukuta kwa nje. Rangi mpya inayoishia magotini inaficha mstari wa tope. Tazama mlango: kizingiti kilichoinuliwa kwa saruji hakikuwekwa kwa urembo. Muulize mama mboga wa hapo maji yalifika wapi, maana yeye hana kodi ya kukudai. Na kama una nafasi ya kungoja, kaione nyumba hiyo mwezi Aprili, siku ya pili ya mvua kubwa.

Jueni pia mnakaa wapi. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu, na mito mingine ya jiji nayo hutoka upande huo wa magharibi, ulioinuka. Yote hushuka kuja kwetu Eastlands. Mvua inaweza kupiga Dagoretti jioni, kwako kukawa kukavu, na usiku mto ukakubishia mlango. Ukisikia kule juu kumenyesha sana, walaze watoto kwa jirani wa juu, vitambulisho na vyeti vyenu vikiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Na ardhi yetu ni ule udongo mweusi unaonata kiatuni. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na kila mwaka unaisukuma misingi huku na huku. Mjenzi mwaminifu huuchimba hadi apate ardhi ngumu, mwenye tamaa hujenga juu yake. Huruma, usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita karibu na mto lilianguka mvua ikinyesha, wakafa watu wapatao 50. Lilikuwa limeshapangiwa kubomolewa, na bado vyumba vilikuwa vimekodishwa. Ufa unaokua kati ya Februari na Mei usiufunike kwa kalenda. Wahi kuhama.

Msimu wa baridi nao una mtego wake, na huo tunajitegea wenyewe. Julai ikibana, mtu huingiza jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha na kuziba hata upenyo wa chini ya mlango, alale na joto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Humlaza mtu akalala moja kwa moja. Pika, ota moto mlango ukiwa wazi, kisha litoe jiko nje kabla hujajilaza, hata kama makaa yameshakuwa majivu juu. Kwa baridi ongeza blanketi, na mtoto anayehema kwa shida mpeleke kliniki usiku huo huo.

Kuhusu maji, msidanganywe na madimbwi. Maji mengi ya mfereji wa Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, linalojazwa na mito ya milima ya Nyandarua. Mvua inaweza kuifurikisha Kayole nzima na mfereji wako ukabaki mkavu, kwa sababu kule milimani haikunyesha vya kutosha. Kingeni maji ya mabati kwa kufulia na kuoshea sakafu. Ya kunywa yachemsheni, hasa vyoo vinapofurika, kwani kipindupindu hupita humo humo.

Tena, pangeni riziki kwa misimu. Wa mjengo anajua mvua ikishika wiki nzima hakuna kibarua, kwa hiyo pesa ya Februari isiliwe yote Februari. Gambuti la Gikomba linunue kukiwa kavu, kabla kila mtu hajalihitaji. Mwenye kuuza sweta za mitumba azitafute Mei, wateja wamkute tayari Juni.

Lakini kuna kazi ambayo mmoja haiwezi: mtaro. Uchafu unaotupwa humo Januari ndio unaorudisha maji vyumbani Aprili, na huanza na chumba cha asiyetupa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi Februari hii, Jumamosi moja, kila ploti itoe mtu mmoja na sepetu moja, mzibue mtaro wenu hadi unapomwagikia, na taka zibebwe mbali, zisiachwe ukingoni kungoja mvua izirudishe. Mwenye ploti asipotaka kuchangia, mwendeeni mkiwa wengi, na mwendeeni kabla ya Machi.