Wanangu Mnaotumwa Mitaani

Wanangu madaktari, najua mnavyoipokea zamu ya mitaani. Miaka mitatu ya shahada ya uzamili ya magonjwa ya akili pale Makerere huisha upesi, tasnifu inadai, mitihani inabisha hodi, na wengi wenu mnajilipia ada huku mkibeba kazi ya hospitali. Mtu akikuambia uache wadi ukakae kwenye kituo cha afya cha Kisenyi au Kawaala, hapa Kampala, unaona anakupotezea muda. Mimi ni muuguzi wa akili niliyestaafu, nimewaona wakubwa zenu wakipita, na nawaambieni kwamba zamu hiyo ndiyo itakayoamua wewe ni daktari wa namna gani.

Wadini mgonjwa yuko mikononi mwako. Anakula kwa saa yako, anameza dawa nesi akimtazama, analala taa ikizimwa. Siku ya kuruhusiwa anapanda teksi na anarudi Bwaise, kwenye chumba anachobanana na ndugu zake, na mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Baada ya miezi michache analetwa tena, naye daktari anaandika kwenye faili: hakumeza dawa. Mnaandika maneno hayo kwa wepesi, mnapandisha dozi, mnaenda kwa mgonjwa wa pili. Nataka myachukie. Kazi yenu mitaani ni kujua kwa nini hakumeza.

Sababu hazifichwi, mradi uulize ukiwa umekaa. Kutoka Bwaise hadi hospitali ya akili ya Butabika ni teksi mbili kwenda na mbili kurudi, na nauli hiyo ni chakula cha nyumba nzima siku hiyo. Kituo cha karibu kina muuguzi mzuri, lakini dawa uliyoandika haipo kwenye kabati lake. Wewe ulipendezwa na dawa mpya uliyoisoma, ukaiandika, ukasahau kwamba baada ya wiki mbili mama atatakiwa kuinunua kwa pesa zake famasi. Kabla ya kumruhusu mgonjwa, pigeni simu kituoni kwao mkaulize kuna nini. Kama kuna haloperidoli na klopromazini tu, basi mfundishe mwili wake kuishi na hizo angali wadini, chini ya macho yako.

Halafu kuna mambo ambayo hospitalini ni madogo na nyumbani ni makubwa. Kijana wa bodaboda akipewa klopromazini asubuhi atasinzia barabarani Kibuye, na ngozi itamuungua juani. Mpe usiku. Haloperidoli inaweza kumpinda mtu shingo na kuyaviringisha macho juu. Wewe unajua ni dawa, na unajua vidonge vya Artane vitamtuliza, lakini shangazi yake anayeliona jambo hilo usiku wa manane atasema ni mashetani, na dawa zote zitatupwa chooni. Waambieni mapema, na waambieni wote waliopo nyumbani. Msichana mwenye kifafa anayetumia kabamazepini anaweza kushika mimba ingawa anameza vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu dawa moja huipunguzia nguvu nyingine. Muulizeni, hata kama mama yake amekaa hapo na hataki lisikike. Na jueni kwamba kifafa kitajaza foleni yenu huko vituoni kuliko mlivyotarajia. Dawa yake ikikatika ghafla kituoni, mtoto anaweza kuanguka mfululizo hadi afe, kwa hiyo kabati tupu la fenobabito ni dharura, hata kama haipigi king'ora.

Mkifika kituoni, aliyeiweka kliniki hiyo hai ni PCO, yaani tabibu wa akili, au muuguzi. Msimpite, na jueni alivyofika hapo. Butabika ilifunguliwa mwaka 1955; kabla yake wagonjwa walikuwa wamefungiwa Hoima, kwenye gereza, kisha Mulago. Idara ya magonjwa ya akili ya Makerere ilipoanza miaka ya 1960 chini ya Profesa Allen German, ilikuwa wazi kwamba mabingwa hawatatosha nchi hii. Hawajatosha hadi leo: sensa ya 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46, na mabingwa wetu ni makumi tu, wengi wao wakiwa Kampala na pembezoni mwake. Ndiyo maana matabibu wa akili wakaanza kufundishwa palepale Butabika. Yule unayemkuta ana meza iliyovunjika mguu na daftari lililochanika anawajua wagonjwa wake kwa majina ya baba zao. Daktari kijana akifika akawaona wagonjwa wote mwenyewe, foleni ikaisha haraka, akaondoka na sifa, hakuacha kitu. Kaa pembeni yake. Mwache aongoze, wewe mwongezee pale anapokwama, na kesi ngumu mzungumze mkiwa wawili, si mbele ya mgonjwa.

Mganga wa jadi naye mtamkuta, tena mara nyingi atakuwa amewatangulia. Dkt. Catherine Abbo wa Makerere alichunguza waganga wa Jinja na Iganga akaona kwamba watu wengi wenye ugonjwa mzito wa akili hutumia njia zote mbili, ya mganga na ya hospitali. Basi ukimkataza mama kwenda kwa mganga hutamzuia kwenda. Utamfundisha kukuficha tu. Uliza waganga wanampa mgonjwa nini, kama wanamfunga, kama wanamnyima chakula au dawa zako. Kwenye kufunga na kunyima chakula uwe mkali. Kwenye maombi na kafara ya kuku, tafadhali nyamaza.

Na familia ikimleta mtu amefungwa kamba, usianze kwa kuwakaripia. Mfungue kwanza, mpe maji, kisha uliza usiku wao ulikuwaje. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyoondoa ile ya 1964, imewapa wagonjwa haki ambazo lazima mzijue vizuri kuliko polisi wa kituo cha jirani. Lakini ndugu aliyelala mlangoni siku nyingi akiogopa kaka yake atatoka na panga hatakusikia ukianza na sheria.

Sasa lugha. Wengine mmetoka Mwanza, wengine Kisumu, na mnadhani Kiswahili kitawavusha. Kiswahili cha Kampala kina yake. Kwa miongo mingi kilikuwa lugha ya kambi na polisi, na mzee wa Kiganda aliyeishi enzi za Amin anaweza kukusikia akakumbuka vizuizi vya barabarani kabla hujamwambia jina lako. Jifunzeni salamu ya Kiganda, Wasuze otya nno, ssebo, na msubiri aijibu yote kwa utaratibu wake. Lakini nendeni Katwe, Nsambya au Makindye kwa wakimbizi waliotoka Kongo, na hapo Kiswahili ndicho mlango. Mama wa Bukavu ambaye amezunguka ofisi nyingi akitafsiriwa vibaya atalia ukimwita kwa lugha yake. Msilewe na hilo. Kiswahili chake si chako, usipoelewa, uliza. Na kamwe, hata kukiwa hakuna mtu mwingine, msimtumie mtoto wake wala jirani kutafsiri yaliyompata njiani. Afadhali mgonjwa arudi kesho.

Msidhani pia kwamba kila tiba ya maana lazima ipitie mikononi mwenu. Mwaka 2002, huko Rakai na Masaka, vijiji 30 viliingizwa kwenye utafiti wa tiba ya sonona kwa vikundi. Watu walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kazi hiyo, ambao hawakuwa madaktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha sonona ilipungua sana kuliko kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi. Mambo hayo yalifanyika hapa kwetu, na bado nakutana na madaktari vijana wa akili wanaojua majaribio ya London na hawajui ya Rakai. Hilo linaniudhi, nalisema wazi.

Nendeni pia kwa mwenyekiti wa baraza la mtaa, LC1, kabla hamjaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Hiyo ni adabu, na tena ndiye anayejua nani kafungiwa chumba cha nyuma.

Baadhi ya mnaowaruhusu Butabika hawatoki Kampala kabisa. Wanatoka Karamoja, West Nile, Lango, na dozi ya mwisho ikiisha Butabika iko mbali nao. Hospitali za rufaa za Moroto, Arua na Lira zina vitengo vya akili, na kwa kiasi kikubwa ni PCO na wauguzi wanaovibeba. Mkipata shahada zenu, msigombanie kliniki za Kololo nyote. Baadhi yenu ombeni kazi huko.