JE, UONGOZI WA CHUO KIKUU HUFUNDISHWA?

Siku hizi wakuu wa vyuo vikuu vyetu huitwa mara kwa mara kwenda kujifunza uongozi. Makamu wakuu wa vyuo, wakuu wa vitivo na wa idara, wasajili na wahasibu huketi siku tatu au juma zima kusikia habari za mipango, bajeti na namna ya kukaa na watu. Umoja wa Vyuo Vikuu vya Afrika, uliozaliwa Rabat mwaka 1967 na wenye makao yake mjini Accra, umekuwa ukiandaa mafunzo ya namna hii kwa wakuu wa bara zima. Wako wanaoyacheka, wakisema kwamba kiongozi huzaliwa, hafundishwi. Wako tena wanaodhani kwamba mtu akisha kurudi na hati yake, basi amekuwa kiongozi. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea. Wala neno hili si dogo hata liachwe kwa wenye vyuo peke yao, maana wanaoongozwa huko ni watoto wetu.

Kwanza yatupasa kuuliza: mtu hupataje ukuu chuoni? Mara nyingi amefundisha hesabu au kemia miaka 20, ameandika vitabu, na wenzake wamheshimu. Ijumaa yuko katika maabara yake. Jumatatu ana barua ya kuteuliwa, na mbele yake fedha za watu, ugomvi wa wahadhiri, na wanafunzi kwa maelfu. Hapana mtu ampaye fundi wa injini usukani wa basi lenye abiria 60 eti kwa sababu aijua injini vizuri. Kumbe vyuoni twafanya vivyo hivyo, kisha basi likienda mrama twashangaa. Kwa hiyo twasema kwamba mafunzo si zawadi apewayo mkuu. Ni deni la haki wanalodai wale walio chini yake.

Lakini afundishwe nini? Twamjua binti mmoja, ambaye chuo chake hatutakitaja. Alama za somo lake moja zilikosekana. Alikwenda kwa mwalimu, akaambiwa aende idarani. Idara ikamtuma kwa msajili. Msajili akamrudisha kwa mwalimu. Miezi ikapita. Mwishowe karatasi ilionekana katika mtoto wa meza, lakini siku ya mahafali ilikuwa imekwisha kupita, na kazi aliyoahidiwa alikuwa amepewa mwingine. Hapana aliyemchukia binti huyu. Hapana aliyemtaka rushwa. Kila mmoja alitimiza sehemu yake, akafunga mlango saa ya kufunga.

Hapo palikosekana mambo mawili. La kwanza ni kitabu cha kuandikia karatasi zinazoingia na kutoka, na hilo lafundishika asubuhi moja. La pili ni mtu mmoja wa kuinuka kitini na kusema: "Jambo hili ni langu mpaka liishe." Je, hilo nalo lafundishwa?

Wahenga wa Kiyunani walilifikiri sana swali hili. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, kama vile mjenzi awavyo mjenzi kwa kujenga. Naye Plato, alipoeleza jinsi watawala wa mji mwema watakavyolelewa, hakuwapa kiti cha juu mara tu walipomaliza masomo. Baada ya elimu yote, wakiwa na umri wa miaka 35, sharti washuke tena miongoni mwa watu, washike kazi kwa miaka 15 huku wakipimwa. Basi wema wa kiongozi hufundishika kweli, ila haufundishwi kwa maneno matupu. Hufundishwa kwa mazoezi, tena mbele ya macho ya wale wanaoongozwa.

Historia yetu yatuonya pia. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mkuu aliweza kumjua kila mmoja kwa jina. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Mwezi Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi aliandika barua ya wazi, akilalamika kwamba mambo yaliamuliwa bila wao kushauriwa. Alifukuzwa, askari wenye silaha wakaja kumwondoa, na wenzake wakagoma kuingia madarasani. Hatusemi kwamba wanafunzi huwa na haki daima. Kijana naye hukosa, tena hukosa kwa kelele. Wala uongozi wa siku zile haukukosa ujuzi wa ofisi, kwani Makamu Mkuu wa Chuo, Bwana Pius Msekwa, alikuwa amekwisha kushika kazi ya Katibu wa Bunge. Ujuzi ulikuwapo. Mahali pa kusikilizana kabla ya barua kuandikwa ndipo palipokosekana.

Mtu ataweza kutujibu kwamba semina hizi hula fedha, na kwamba wengine huzifuata kwa ajili ya posho. Ni kweli, na ni aibu. Lakini shamba halichomwi kwa sababu lina magugu. Tena mkuu mwenye moyo mwema asiyejua kusoma hesabu za fedha aweza kuwaumiza watu kuliko yule mkali ajuaye kazi yake. Mishahara ikichelewa, wema wake haununui unga.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, mafunzo yatangulie cheo, yasikifuate: mhadhiri kijana aanze na kazi ndogo chini ya mkubwa mwadilifu. Pili, humo semina waitwe pia karani, mfagizi na mwanafunzi, waseme mbele ya wakuu yale wanayoyaona mlangoni. Tatu, baada ya mwaka mmoja wao hao waulizwe kama kuna lililobadilika, na jibu lao lisomwe katika baraza la chuo.

Hati hutundikwa ukutani, nyuma ya kiti cha mkuu, mahali anapoiona mgeni. Lakini nje ya mlango wake kuna benchi. Atakaye kujua kama mkuu yule amejifunza neno, asiitazame hati. Akaketi pale benchini tangu asubuhi, ahesabu ni wangapi wameingia na shida zao, na ni wangapi wameambiwa warudi kesho.