Hodi Mlangoni pa Jirani

Msomaji, sisi tukaao Kihoto, mjini Naivasha, nyumba zetu zimekaribiana sana. Mwizi akikimbilia uani kwa jirani, yule aliyeibiwa haifai aruke ua. Yampasa apige hodi. Mwenye nyumba hutoka, huuliza mtu huyu anadaiwa nini, na akiridhika humtoa. Jambo hili ni dogo, lakini ndilo asili ya jambo kubwa ambalo wanasheria huliita kurejeshwa kwa mshitakiwa: nchi moja kuiomba nchi nyingine impe mtu aliye kwake, ili akahukumiwe.

Hodi ya mataifa ina masharti yake. Kwa kawaida, tendo analoshitakiwa mtu sharti liwe kosa katika nchi zote mbili. Sharti mahakama iyasikilize maombi. Wala mtu hatolewi kwa sababu ya siasa zake tu. Masharti haya huchukua muda, na muda huwachosha watu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: “Mwalimu, mtu mwovu ana haki gani ya kupigiwa hodi?” Swali hili si la mzaha, wala sitaki kulijibu kwa wepesi, maana Kenya imekwisha kuliona kwa macho yake. Mwezi wa Novemba 2014, Baktash Akasha na nduguye Ibrahim walikamatwa Mombasa, Marekani ikiwataka kwa biashara ya dawa za kulevya. Kesi ya kuwatoa ilikokotwa mahakamani kwa zaidi ya miaka 2. Mwezi wa Januari 2017, kabla kesi hiyo haijakwisha, walichukuliwa wakapelekwa New York. Mwaka 2018 walikiri makosa yao, na miongoni mwa waliyoyakiri ni kuwahonga wakubwa wa Kenya ili wasitolewe. Baktash alihukumiwa kifungo cha miaka 25, na Ibrahim miaka 23.

Mfikirie mama wa Mombasa ambaye mwanawe ameharibiwa na unga. Je, atalia kwa kuwa watu hao walichukuliwa hakimu akiwa hajaamua? Hodi ilipigwa, na bawabu alikuwa amekwisha kulishwa. Nakiri kwamba hoja hii ni nzito, na atakayeipuuza hajui uchungu wa mzazi.

Lakini tazama upande wa pili. Mwezi wa Novemba 2024, Kizza Besigye, mpinzani mashuhuri wa Serikali ya Uganda, alichukuliwa Nairobi, na siku chache baadaye akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Kampala. Hakuna hakimu wa Kenya aliyeulizwa. Wala jambo hili si geni kwetu watu wa Nakuru. Koigi wa Wamwere, aliyepata kuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini, alikimbilia Norway. Mwezi wa Oktoba 1990 akawa mikononi mwa polisi wa Kenya, akishitakiwa uhaini. Yeye alisema alitekwa nchini Uganda. Serikali ilisema alikamatwa ndani ya Kenya. Ugomvi ukawa mkubwa hata Kenya ikavunja uhusiano wake na Norway mwezi ule ule. Koigi aliachiliwa mwaka 1993. Kama angaliletwa kwa hodi, mbele ya hakimu na mchana kweupe, ubishi wa mahali alipokamatwa usingalikuwapo.

Hapo ndipo penye jibu langu. Dirisha apitishwalo mwuza sumu leo, kesho hupitishwa msema kweli, kwa maana dirisha halimjui mtu. Mlangoni ndipo penye kuuliza: Anadaiwa nini? Na nani? Kwa ushahidi upi? Hodi basi haipigwi kwa heshima ya mwovu. Hupigwa kwa sababu kabla ya kuuliza hatujui aliye ndani ni nani, na pengine ni wewe.

Na mama wa Mombasa je? Tuna deni kwake, nalo halilipwi kwa kuvunja madirisha. Hulipwa kwa kumwondoa bawabu apokeaye rushwa na kumweka mwaminifu, na kwa kesi zisizokokotwa. Kazi hii ni ngumu kuliko kumbeba mtu usiku, lakini ndiyo imfaayo mama huyo na kumfaa pia jirani yake.

Katika lugha ya Wakikuyu, neno kihoto maana yake ni hoja ya haki, na wazee husema kwamba kihoto huvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Nawe, msomaji, siku moja huenda ukawa hakimu, au askari, au mwenye nyumba tu. Atakapokuja mtu mwenye nguvu kumtaka aliye ndani, usimfiche mwenye hatia, wala usimtupe nje kwa hofu. Simama mlangoni, uulize.