Ukuta wa Nyumba ya Mgonjwa

Katika Torati twasoma ya kuwa mwenye ukoma alikaa peke yake, mbali na marago. Sheria hiyo ilikuwa na maana, kwa kuwa aliye mzima naye apaswa kulindwa. Lakini swali lasalia: mgonjwa akiisha kutengwa, je, ni lazima atengwe hata na macho ya watu wake?

Swali hili si la kale tu. Mwaka 2018 ugonjwa wa Ebola ulizuka katika Kivu ya Kaskazini, nchi ya Kongo, na mpaka ulipokwisha mwaka 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Nyumba za kuwatunzia wagonjwa zilijengwa upesi, za mahema na maturubai, kwa kanuni kali. Mwuguzi huingia upande mmoja, huwaendea kwanza wale wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa, kisha wale waliothibitishwa, wala harudi nyuma. Hutokea mlango mwingine, akanyunyiziwe klorini. Kanuni hiyo ni njema, nasi hatuna neno juu yake. Lakini kwa jamaa aliyesimama nje ya ua mambo yalionekana vingine. Alimwona mama yake akichukuliwa ndani na watu waliofunikwa tangu kichwa hata miguu, wasiojulikana sura. Baada ya siku chache aliitwa kuzika. Je, twaweza kumlaumu akinena ya kuwa watu huuawa mle? Wengine waliwaficha wagonjwa wao nyumbani, na kwa kuwaficha wakaambukizwa.

Basi katika mji wa Beni, mwaka ule wa 2018, shirika la waganga liitwalo ALIMA lilileta chumba cha namna nyingine. Kuta zake ni za plastiki ing'aayo kama kioo. Ukutani imetiwa mikono yenye glavu, hata mwuguzi asimamaye nje aweza kumhudumia mgonjwa pasipo kuvaa mavazi yale mazito, ambayo kwa joto lake hayavumiliki zaidi ya saa moja hivi. Mtoto husimama karibu akamwona baba yake akila. Tena kila mgonjwa ana chumba chake, na hili twaliona kuwa kubwa kuliko yote. Maana penye hema moja, mtu mwenye malaria tu, angojaye jibu la damu yake, aweza kulazwa karibu na mwenye Ebola. Akiambukizwa mahali alipokimbilia kuponywa, dhambi ni ya nani?

Wako watakaosema kwamba nyumba ya miezi michache haihitaji mambo hayo, na haraka ndiyo huruma. Neno hili lina kweli, kwa kuwa hema la leo lafaa kuliko jumba la mwaka ujao. Lakini mgonjwa afaye ndani yake hafi kwa muda.

Hata hivyo chumba kile kina shida yake. Aonekanaye na jamaa huonekana pia na kila apitaye, na mama mzee anayetapika na kuharisha hapendi kutazamwa. Pazia lahitajiwa, na yafaa mgonjwa mwenyewe aulizwe lini lifungwe, maadamu ana nguvu za kunena. Bwana wetu alimgusa mwenye ukoma; sisi wachungaji, tuliozoea kuweka mkono juu ya kichwa cha mgonjwa, tutaona vigumu kuomba tukiwa nje ya plastiki. Lakini yeye ataziona nyuso zetu, wala hatatudhania kuwa wageni.